Mashine ya Kuchomelea Vyuma: Kikundi Kipime Kazi Kabla ya Kupima Bei

*Mada iliyoandaliwa kwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinavyojiandaa kuomba mkopo wa Halmashauri kwa ajili ya karakana za vyuma*



Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo humkemea mtu anayetafuta visingizio vya kukwepa shamba, na kwa mkulima ina haki yake. Kwa fundi wa kuchomelea vyuma, hata hivyo, mambo ni kinyume. Jembe lisilofaa humchosha mkulima, lakini mashine ya kuchomelea isiyofaa humwachia fundi deni, mteja mwenye hasira na chuma kilichoungana kwa juu tu. Fundi asiyechagua bado hajaanza kazi.

Kazi za vyuma hazikosekani katika Nyanda za Juu Kusini. Katika bonde la Usangu, kuanzia Chimala hadi Ubaruku, wakulima wa mpunga wanahitaji mafundi wa kurudisha pawatila, majembe ya plau na mashine za kukoboa kazini kabla mvua haijawapita. Mafinga kuna viwanda vya mbao ambavyo mikokoteni na fremu za misumeno yake hupasuka kila msimu. Chunya wachimbaji wadogo wanatengenezewa makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma, matrela ya malori hupasuka chasi. Mwanjelwa jijini Mbeya na Ipogolo mjini Iringa, nyumba mpya zinangoja mageti na grili. Ni kwa sababu hiyo karakana ya kuchomelea ni wazo la kawaida katika maandiko ya miradi ya vijana.

Fedha za kuanzia zina utaratibu wake. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Neno "isiyo na riba" halina maana ya "isiyorudishwa". Kila shilingi inayorejeshwa ndiyo itakayokopeshwa kwa kikundi kingine kilicho kwenye foleni. Mashine ikifa mwezi wa tatu, anayeumia ni pia mwanakikundi asiyejulikana wa kata ya jirani, anayesubiri zamu yake.

Deni linapoanzia

Uchukuliwe mfano wa kikundi cha vijana watano. Wamepata mkopo, wameingia dukani, wakaona mashine ndogo nyepesi iliyoandikwa ubavuni tarakimu 300 kwa rangi nyekundu. Bei yake ni nusu ya ile ya jirani yake iliyoandikwa 200. Wakaona heri kubwa kwa bei ndogo. Wiki ya kwanza walitengeneza grili za madirisha, na mambo yakaenda vizuri. Wiki ya pili alikuja mwenye trela. Chuma kilikuwa na unene wa milimeta 10. Walipoweka rodi nene, mashine iliwaka dakika mbili, taa ya njano ya joto ikaonekana, kazi ikasimama. Walisubiri, wakaanza tena, ikasimama tena. Kufikia jioni trela lilikuwa bado halijaungwa, mteja amerudishiwa kianzio chake, na fundi ameanza kuitwa asiyejua kazi.

Fundi alijua kazi. Kosa lilifanyika dukani, pale tarakimu ya rangi nyekundu iliposomwa kana kwamba ni cheti. Mambo yanayofuata yanalenga kuzuia kosa hilo.

Jambo la kwanza: unene wa chuma

Kikundi kianze kwa kuandika kwenye daftari kazi kinazotarajia kupata kwa miezi sita, si kazi kinazotamani kupata. Mbele ya kila kazi uandikwe unene wa chuma chake, kwa maana unene huo ndio unaoamua rodi, na rodi ndiyo inayoamua ampea.

Grili, meza za shule na mageti mepesi ya skwea paipu huwa na chuma cha milimeta 1.5 hadi 2. Hapo hutumika rodi ya milimeta 2.5, ambayo mafundi huiita geji 12, kwa ampea 60 hadi 90. Mageti mazito, mikokoteni ya ng'ombe na fremu za pawatila huhitaji rodi ya milimeta 3.2, yaani geji 10, kwa ampea 90 hadi 130. Chasi za matrela, makarasha na vijiko vya mitambo huhitaji rodi ya milimeta 4, kwa ampea 140 hadi 180. Asiyeweza kukumbuka orodha hiyo na akumbuke kanuni moja ya karakana: takribani ampea 40 kwa kila milimeta moja ya unene wa rodi, kisha hupunguzwa kidogo chuma kinapokuwa chepesi.

Kwa hesabu hiyo, karakana nyingi za kijijini hazihitaji mashine ya ampea 300. Zinahitaji mashine inayotoa ampea 160 hadi 200 za kweli, tena kwa muda mrefu bila kuchoka.

Jambo la pili: aina ya mashine

Mashine ya transfoma ndiyo kongwe zaidi mitaani. Ni nzito, hunguruma hata isipofanya kazi, na hula umeme mwingi kuliko nyingine kwa kazi ileile. Sifa yake ni uvumilivu. Haiogopi vumbi, na ikiungua, fundi wa kusuka koili anaweza kuisuka upya. Kikundi kiulize kama koili zake ni za shaba au za alumini, kwa kuwa za shaba hustahimili zaidi. Kwa zile zinazotengenezwa mitaani bila bamba la maelezo, tahadhari ni kubwa: nyingi hazina waya wa ardhi, na boksi lake likiguswa na koili lililochubuka humuua mtu.

Mashine ya inveta ni nyepesi, hubebeka begani hadi shambani, hutoa umeme wa mkondo mnyoofu kama wa betri, na moto wake hutulia hata mikononi mwa mwanafunzi. Hutumia umeme kidogo, jambo linaloonekana haraka kwenye uniti za LUKU. Udhaifu wake uko ndani ya boksi. Feni inayoipoza huvuta pia unga wa chuma kutoka kwenye grainda, na unga huo ukitua juu ya bodi ya saketi husababisha shoti. Inveta iwekwe mbali na grainda, na kila mwezi ipulizwe kwa hewa kavu ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Katika maeneo ya mvua nyingi kama Rungwe, isilazwe kwenye sakafu yenye unyevu.

Mashine ya waya, ambayo waya hujisukuma wenyewe kutoka kwenye bobini, hufaa kwa bati jembamba, bodi za magari na samani za chuma zinazotengenezwa kwa wingi. Huenda kasi na haiachi ganda la kugonga. Lakini waya wa kawaida huhitaji mtungi wa gesi, na upepo wa nje huipeperusha gesi hiyo, mshono ukabaki na matundu kama sifongo. Kabla ya kuinunua, kikundi kijue mtungi utajazwa wapi na nauli ya kuufikisha huko ni kiasi gani. Upo pia waya wenye dawa ndani yake usiohitaji gesi. Bei yake ni kubwa zaidi, ila humfaa fundi wa kazi za nje.

Mashine ya gesi ya agoni, inayotumia ncha ya tangisteni, ni ya kazi safi: matangi ya maziwa ya chuma cha pua, masinki, vyombo vya jikoni za hoteli. Hapa wengi hudanganyika. Inveta ndogo nyingi zinazouzwa kwa jina hilo hutoa mkondo mnyoofu peke yake, nazo haziwezi kuchomelea alumini ipasavyo. Alumini huhitaji mashine inayotoa pia mkondo geu. Anayeahidi wateja alumini na aulize jambo hilo waziwazi.

Jambo la tatu: bamba la nyuma

Tarakimu kubwa ya ubavuni ni tangazo. Ukweli huandikwa kwenye bamba dogo la nyuma au chini ya mashine, na mnunuzi ana haki ya kuligeuza boksi akalisoma. Mambo mawili yatazamwe.

La kwanza ni uwiano wa kazi na mapumziko, unaoandikwa kwa asilimia kwenye mstari wenye herufi X. Hupimwa kwa vipindi vya dakika 10. Mashine iliyoandikwa ampea 200 kwa asilimia 30 inaweza kuchoma kwa ampea 200 dakika 3, kisha ipumzike dakika 7. Ikishushwa hadi ampea 140, inaweza kuchoma takribani dakika 6. Ikishushwa hadi ampea 110, inaweza kufanya kazi mfululizo. Mashine ya vijana waliotajwa hapo juu huenda ilikuwa na uwiano mdogo sana, au haikuwa na bamba kabisa. Mashine isiyo na bamba iachwe dukani.

La pili ni umeme inaoingiza, unaoandikwa I1max. Hapa uongo hujifichua wenyewe. Kutoa ampea 300 kwa rodi huhitaji volti 32 hivi kwenye moto, yaani wati 9,600 zikiwa zimekwisha kutoka. Soketi ya kawaida ya ampea 13 kwa volti 230 haitoi hata 3,000. Kwa hiyo mashine ya "300" yenye waya mwembamba na plagi ya pasi haiwezi kuwa ya 300, hata muuzaji aape.

Jaribio la mwisho halihitaji karatasi. Kikundi kibebe rodi tatu za geji 10 na kipande cha chuma cha milimeta 8, kimwombe muuzaji ruhusa ya kuzichoma mfululizo. Muuzaji mwaminifu atakubali. Anayekataa amekwisha kujibu.

Jambo la nne: umeme unaofika karakanani

Kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini imefikisha nguzo mahali ambapo miaka michache iliyopita palikuwa na koroboi. Hata hivyo, karakana iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma ya TANESCO, mara nyingi hupata umeme uliopungua, hasa jioni mashine za kusaga zikiwa kazini. Kikundi kipime volti kwa siku kadhaa, asubuhi, mchana na jioni, kabla ya kununua chochote. Volti zikishuka sana, transfoma hupoteza moto wake kwa kiwango kilekile, ilhali baadhi ya inveta zimetengenezwa kuvumilia. Kiwango cha uvumilivu huo husomwa kwenye bamba lilelile.

Kuchoma rodi ya geji 10 kwa inveta huvuta takribani ampea 23 hadi 28 kutoka kwenye laini. Soketi ya ukutani ya ampea 13 haikutengenezwa kwa mzigo huo. Huchemka, huyeyuka, na baadaye huchoma nyumba. Karakana ihitaji laini yake yenye swichi yake na waya wa ardhi, iliyofungwa na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Mwenye nia ya mashine kubwa za transfoma aombe TANESCO umeme wa njia tatu mapema, na gharama hiyo iingie kwenye andiko la mradi.

Waya wa kurefusha nao huiba. Waya wa shaba wa milimeta mraba 1.5 wenye urefu wa meta 50 hupoteza karibu volti 24 ukipitisha ampea 20. Waya wa milimeta mraba 4 hupoteza volti 9 hivi kwa urefu na mzigo huohuo. Mafundi wengi wameilaumu mashine ilhali mwizi alikuwa amelala chini, amejisokota kama nyoka.

Jambo la tano: mwinuko wa nchi

Hili halisemwi madukani, nalo linawahusu watu wa nyanda za juu kuliko wote. Mbeya mjini kuna mwinuko wa takribani meta 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Iringa mjini ni zaidi ya meta 1,500. Hewa ya huko ni nyepesi. Injini ya jenereta isiyo na taabo hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila meta 300 za mwinuko, kwa hiyo jenereta inayofanya kazi vizuri Dar es Salaam hufika Mbeya ikiwa imepungukiwa karibu sehemu moja ya tano. Kwa fundi wa Kyela, penye mwinuko wa meta 500 hivi kando ya Ziwa Nyasa, upungufu huo ni mdogo.

Kuchoma geji 10 kwa inveta kwa kutumia jenereta huhitaji takribani kVA 5.5 zinazotoka kweli. Mbeya, basi, inunuliwe jenereta ya kVA 7 au zaidi. Ndogo kuliko hiyo itakohoa, volti zitapanda na kushuka, na bodi ya inveta ndiyo itakayolipa gharama. Aidha, viwango vya kimataifa vya mashine za kuchomelea hukadiria matumizi hadi mwinuko wa meta 1,000. Juu ya hapo hewa hupoza chini ya kiasi kilichokusudiwa. Baridi ya Mbeya husaidia, lakini fundi mwenye busara asiisukume mashine hadi asilimia ya mwisho ya bamba.

Jambo la sita: mtu mwenyewe

Mkopo hauwezi kununua jicho. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi wake, na kikundi nacho kiwalinde wanachama wake. Kioo cha kofia kiwe cha namba 10 au 11. Miwani ya jua si kinga, na fundi anayeitumia huamka usiku macho yakiwa kama yametiwa mchanga. Watoto wa jirani husimama kutazama mwanga, kwa hiyo karakana iwe na pazia au ukuta.

Bomba lililopakwa zinki likichomwa hutoa moshi unaoleta homa na kifua kubana. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini yanasafisha. Maziwa huenda tumboni, moshi umekwisha kwenda mapafuni. Kinga ya kweli ni kukwangua zinki kwanza, kufanya kazi penye hewa na kuvaa barakoa inayofaa. Pipa lililowahi kuwa na petroli lisichomwe kamwe, hata likiwa limekaa wazi mwaka mzima. Na kabla ya kuchomelea lori, betri itenganishwe.

Jambo la saba: bajeti isiyo na tobo

Maandiko mengi hukosea kwa kuitengea mashine fedha zote. Mashine bila grainda, nyaya nene, koleo la rodi, klampu, kofia mbili, glavu za ngozi, aproni, kizimamoto na akiba ya rodi ni pambo. Kikundi kiorodheshe vyote, kiweke akiba ya matengenezo, na kiulize duka mambo matatu: dhamana ni ya muda gani na imeandikwa wapi, vipuri vinapatikana mkoani au vinaagizwa, na nani ataitengeneza ikiharibika. Risiti itunzwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ujuzi nao unanunuliwa kabla ya chuma. Vyuo vya VETA vipo Iringa na Mbeya, na SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lina ofisi katika mikoa yote miwili. Kikundi kimpeleke angalau mwanachama mmoja kupata ushauri kabla ya kusaini maombi, na Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata aoneshwe daftari la kazi, vipimo vya volti na bei za maduka yasiyopungua matatu.

Ndugu wanavikundi, wale vijana watano wangefanya nini tofauti? Wangeandika kwamba kazi nane kati ya kumi zitakuwa grili na mageti, na mbili zitakuwa matrela. Wangenunua inveta ya ampea 200 za kweli yenye bamba linalosomeka, na tofauti ya bei wangeifidia kwa kuahirisha kununua kitu kingine. Wangevuta laini ya umeme inayobeba mzigo. Mwenye trela angekuja wiki ya pili, angesubiri kwenye benchi, na jioni angeondoka na trela lake. Wiki ya tatu angemtuma dereva mwenzake. Rejesho la kwanza lingepelekwa tarehe yake, na jina la kikundi kingine, huko kata ya jirani, lingesogea nafasi moja mbele katika foleni.